Gari Isilale Hapa

Mjini Nakuru, gari lako likikataa kuchaji betri na mafundi wa barabarani wakakuzungusha hadi ukachoka, mwishowe mtu angekuambia: "Nenda kwa yule mama Mhindi, nyuma ya maduka ya spea." Mama huyo aliitwa Vidya. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kazi yake ilikuwa kusuka upya koili za altaneta, kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini ili betri isife njiani.

Fundi wa kwanza wa karakana ile alikuwa mumewe, Mayur. Ugonjwa wa sukari ulipoanza kumla macho, Vidya alitoka jikoni akaja kukaa kando yake kwenye benchi. Yeye alifuata waya kwa macho, Mayur akaufuata kwa vidole. "Hapa umelegeza," Mayur angesema. "Fumua." Akafumua, akasuka tena, akafumua tena. Miaka ikaenda hivyo hadi siku moja Mayur akapapasa koili nzima, upande hadi upande, kisha akairudisha mezani bila neno. Kwa Mayur, kunyamaza ndiko kulikuwa kusifu.

Alipofariki, ndugu yake Praful, mwenye duka la spea mlango wa pili, alikuja na ushauri. "Bhabhi," alisema, maana ndivyo walivyomwita mke wa ndugu kwao, "funga hii karakana tuipangishe. Watu watasema tumeshindwa kukulisha."

"Waambie nakula vizuri," Vidya akamjibu, akaendelea kusuka.

Hakuwa mtu wa maneno matamu. Mteja akimuuliza kama kazi itadumu, alimtazama juu ya miwani akasema, "Kazi yangu hairudi." Na kweli ilikuwa hairudi, mpaka alipokuja Weldon.

Mwaka wa 2007 mvua za masika zilikuwa zinamalizikia Weldon alipoingiza Hilux yake uani. Alikuwa kijana mrefu wa Kuresoi, kule juu kwenye viazi na ukungu. Yeye na kaka zake walikuwa wameuza ng'ombe wakanunua gari hilo, na sasa lilikodiwa na mkandarasi mmoja kule Olkaria, nje ya mji wa Naivasha, wanakochimba visima vya mvuke wa kuzalisha stima. Weldon alibeba vyuma, chakula na mafundi, na akalala huko huko kambini na mkewe.

"Habari ya kazi, mama. Nimetoka Naivasha, nimetumwa kwako. Taa ya betri inawaka kwa dashibodi, haitaki kuzima."

"Wale wa Naivasha wamekufanyia nini?"

"Wamebadilisha betri. Ikakufa, wakabadilisha tena."

"Betri haina makosa. Mtoto akikosa chakula, utabadilisha mtoto?"

Weldon akacheka. Vidya akafungua altaneta, akakuta kaboni zinazopitisha stima zimelika, akaweka mpya. Taa ikazima. Weldon akashukuru akaenda zake.

Mwezi haukuisha akarudi. Safari hii ilikuwa regulata, kile kidude kinachopima stima isizidi wala kupungua. Vidya akakibadilisha, akapima, akaridhika. Weldon akarudi tena. Vidya akaifumua altaneta yote, akaisuka upya tangu mwanzo kwa waya mpya, akapaka vanishi, akaianika juani. Hata Praful alisimama mlangoni kuitazama, akasema kazi kama ile hajaiona tangu Mayur.

Nayo ikafa.

Siku hiyo Weldon hakusalimu. Alishuka garini macho mekundu, kwa kuwa lilikuwa limemzimikia njiani karibu na Longonot, na mafundi waliokuwa nyuma wakalazimika kutembea kwa miguu juani. "Mama," alisema, na watu waliokuwa uani wakageuka, "mkandarasi amesema nikikosa kazini tena anatafuta gari ingine. Niambie tu ukweli. Unaniwekea waya ya zamani?"

Vidya akainuka. Aliichukua altaneta, akaifungua mbele yake, akaikata koili pale waya zinapoungana. Shaba ilikuwa nyeusi tititi, kama sufuria ya kuni.

"Hii waya niliweka ikiwa nyekundu kama ulimi," alisema. "Wewe mwenyewe uliiona. Nani ameichoma?"

"Sijui, mama."

"Unabeba nini? Chumvi? Mbolea? Asidi?"

"Unga. Vyuma. Watu."

"Unaosha injini na nini?"

"Siioshi."

Alikagua waya wa athi unaounganisha betri na bodi ya gari, mkanda, betri kama inachemka na kumwaga maji yake. Kila kitu kilikuwa sawa. Weldon alipoondoka, Praful akamnong'oneza shemeji yake kwamba yule kijana ni mjanja: anauza shaba mpya huko kwao, anatia takataka, kisha anarudi kulalamika. Vidya alimkemea, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Kwa siku kadhaa aliamini nusu yake, na hilo lilimtia aibu baadaye.

Kilichomaliza shaka ya Praful ni altaneta iliyofuata. Hiyo ilitoka dukani kwake mwenyewe, iliyoletwa kutoka Japani, mihuri yake haijaguswa. Weldon aliifunga, na kabla ya mvua za vuli ikawa nyeusi vile vile. Praful aliigeuza mikononi, akabadilisha wimbo. "Basi gari lina mkosi. Mwambie aliuze."

"Mkosi hauli shaba," Vidya akasema. Akamgeukia Weldon. "Jumapili nakuja na wewe. Nataka kuona hii gari inalala wapi."

Jumapili, altaneta ikiwa imesukwa upya tena, wakashuka pamoja, Vidya mbele na mkoba wake mapajani, wakapita Gilgil, wakapita mji wa Naivasha, wakafuata barabara ya ziwa hadi mahali milima inapotoa moshi. Vidya alizaliwa Nakuru na hakuwa amewahi kufika huko. Mvuke ulitoka ardhini kwa mngurumo, na hewa ikanuka yai viza. Alijifunika pua kwa mtandio.

"Utazoea, mama," Weldon akamwambia. "Sisi hatuisikii tena."

Kambi ilikuwa safu ya vyumba vya mabati. Mkewe Weldon, Chelagat, alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye leso, akampokea mgeni kwa mikono miwili. Weldon akamwonyesha Vidya mahali pa kuegesha: bonde dogo nyuma ya vyumba, ambapo ardhi yenyewe ilikuwa na joto na mvuke mwembamba ulipanda kati ya mawe.

"Asubuhi huku ni baridi sana," alisema kwa fahari. "Nikiilaza hapa, injini inaamka mara moja."

Wakakaa kunywa chai. Chumba kilikuwa safi, kimya. Vidya, kwa kutafuta la kusema, akauliza kama hawana redio.

"Ilikufa," Chelagat akajibu. "Tukanunua ingine, ikakufa. Hata tochi. Mama, hapa kitu ya stima haikai." Kisha akashika sikio lake, akacheka, ila jicho lake lilikuwa kwa mumewe na lilikuwa na neno la zamani. "Hata hizi heleni. Alininunulia Nakuru, akaapa ni fedha. Angalia sasa. Makaa."

"Ni fedha!" Weldon akasema. "Nimekwambia mara ngapi?"

Vidya aliweka kikombe chini. "Niletee jivu kidogo."

Chelagat akaleta jivu la jikoni kwenye kifuniko. Vidya akailoanisha heleni moja, akaisugua kwa jivu na pembe ya mtandio wake, taratibu, kama anavyosugua ncha ya waya. Ikang'aa kama maziwa. "Ni fedha," alisema. "Kama ingekuwa bati, isingekuwa nyeusi hivi."

Chelagat akaifunika midomo. "Uui. Na nilimnunia mwezi mzima!"

Wakacheka wote watatu. Lakini Vidya alikuwa ameshasimama. Alitoka nje, akaenda hadi kwenye lile bonde, akafungua boneti ya Hilux, akasimama hapo mvuke ukimpita miguuni. Alivuta hewa kwa pua wazi. Alikaa hapo hadi Weldon akamfuata.

"Ni hii hewa," alimwambia. "Inatoka chini na moshi, inakula shaba, inakula fedha. Wewe unailaza gari ndani yake, ikiwa moto, ikipumua. Naweza kupaka kila kiungo vanishi mara mbili, mara tatu, itasaidia kidogo. Lakini dawa ni moja. Gari isilale hapa."

"Nitailaza wapi na kazi iko hapa?"

"Mjini. Unakuja asubuhi, unarudi jioni."

Chelagat alikuwa nyuma yao. "Na sisi?" akauliza. "Kama inakula redio, sisi inatufanya nini?"

Vidya alisema hajui, na hakika hakujua. Ila swali hilo ndilo lililomaliza mambo. Kabla ya mwezi wa Novemba kuisha, Weldon na Chelagat walikuwa wamehamia mjini Naivasha, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya mjane mmoja aitwaye Wamaitha, mwanamke wa kanisa mwenye kuku wengi na ulimi mwepesi. Kulikuwa na maji ya bomba. Chelagat akapata kibarua katika shamba la maua. Hilux ililala mbele ya mlango wao, na altaneta aliyoisuka Vidya, ya mwisho, ikafanya kazi bila kukohoa.

Mwezi wa Desemba, Weldon akiwa njiani kutoka kwao, alisimama Nakuru na gunia la viazi. Hakuwa na shida yoyote. Alifungua boneti tu ili Vidya asikie. Vidya aliinama akasikiliza, akanyoosha mgongo, akamwita Praful aje asikilize naye. Wiki hiyo kila aliyefika karakana alihadithiwa habari za gari lililokuwa likiliwa na hewa. Alivimba kichwa kidogo, na nani angemlaumu? Alikuwa ameuona ugonjwa ambao hata Mayur, pengine, asingeuona.

Kisha nchi ikapiga kura, na matokeo yakaja, na yaliyofuata kila mtu wa Bonde la Ufa anayajua kwa namna yake.

Kwanza Vidya na Praful waliwaona watu wa Molo na Kuresoi wakiingia Nakuru juu ya malori, na magodoro, na mbuzi, na watoto waliofunikwa vumbi, waliochomewa nyumba na majirani wa kabila la kina Weldon kwa sababu ya majina yao. Uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Praful alipeleka blanketi. Vidya alipeleka unga, na huko mwanamke mmoja asiyemjua alimshika mkono akakataa kumwachia. Waliokuja walieleza yaliyowapata, na waliosikia wakakunja ngumi. Kila mtu akaanza kuuliza jirani yake ni wa wapi.

Katikati ya Januari Weldon alimpigia simu.

"Mama, uko salama?"

"Tuko ndani. Tumefunga. Wewe?"

"Naivasha imetulia. Lakini Chelagat anaogopa. Watu wananiangalia vibaya kwa ploti, wanajua mimi ni wa Kuresoi. Nilikuwa nafikiria turudi kambini kidogo, kule ndani kuna geti na walinzi. Lakini gari, mama. Nikiilaza kule tena, itaharibika?"

Alimuuliza kama mteja anavyomuuliza fundi. Naye akajibu kama fundi.

"Itaharibika," alisema. "Usiirudishe kwa hiyo moshi, Weldon. Utaniletea tena, na sasa hata barabara ya kuniletea hakuna. Naivasha si umesema imetulia?"

"Ni kweli. Imetulia."

"Basi kaa hapo hapo."

Ndivyo alivyosema. Angeweza kusema neno lingine lolote. Kwa miezi mingi baadaye alikuwa akiyapanga upya maneno yale akiwa kwenye benchi, na kila mara yalitoka yale yale.

Mwishoni mwa mwezi Nakuru yenyewe ikawaka. Moshi ulipanda upande wa mitaa ya chini, na milio ya risasi ikasikika hadi dukani kwa Praful, ambako walifunga milango kwa minyororo. Moto huo ulipopungua kidogo, Jumapili asubuhi, ukahamia Naivasha. Vidya alimpigia Weldon. Sauti ya mashine ikasema mteja hapatikani. Alipiga tena, na tena. Akampigia mtu pekee mwingine aliyemjua huko, Wamaitha, ambaye Weldon aliwahi kutumia simu yake. Wamaitha alipokea siku ya pili yake, sauti imekauka.

Vijana walifika ploti asubuhi, alisema. Weldon alikuwa ametoka kwa miguu kwenda kutazama kama barabara ya Olkaria inapitika, kwa sababu hatimaye walikuwa wameamua kurudi. Vitu vilikuwa vimefungwa tayari. Chelagat alikuwa ndani. Wamaitha alisimama getini akawaambia hakuna mtu, wapangaji wote wameondoka.

"Nilidanganya, mama, nikiapa kwa jina la Mungu," alisema. "Lakini gari ilikuwa hapo. Mmoja akasema, hii ni gari ya yule wa Kuresoi, kwao ndiko wanakochomea watu wetu nyumba. Wakanisukuma. Wakaiwasha gari moto. Ilikuwa imeegeshwa mlangoni kabisa, karibu kabisa, na moto ukashika mabati na mbao. Mlango ulikuwa mmoja."

Wamaitha alijaribu kumwaga maji. Alijaribu kuvunja dirisha. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji, na jirani ndiye aliyekuwa amemshikia simu sikioni.

Vidya aliuliza, "Na Weldon?"

"Amejihifadhi kituo cha polisi, na wale wengine waliokimbia. Ameambiwa."

Vidya aliiacha karakana imefungwa hata baada ya wengine kufungua. Praful alikuja akamkuta amekaa bila kazi mbele ya benchi. Akamwambia kwamba hakuna binadamu angejua. Kwamba waliowasha moto ndio wenye kosa, si yeye aliyetengeneza gari. Alisema kweli tupu. Vidya alimwitikia kwa kichwa, na kweli hiyo haikumsaidia.

Weldon alikuja mwezi wa Machi, wakubwa wa siasa walipokwisha kupatana na barabara kufunguka. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, amekonda, koti si lake. Walikuwa wamemzika Chelagat huko juu Kuresoi baada ya kungoja sana, maana hata njia ya kupitisha jeneza haikuwepo. Vidya alimpa kiti. Akamletea chai.

Walikaa. Nje fundi mmoja alikuwa akigonga rimu.

"Pole, Weldon," Vidya akasema mwishowe. "Pole sana."

"Asante, mama."

"Ni mimi niliwaambia mhame. Na ulipouliza—"

"Mama." Alimkata, lakini bila hasira. "Nataka kukuuliza kitu. Wewe hunidanganyi. Hata ile siku nilikutukana mbele ya watu, ulinifungulia altaneta tuone pamoja. Sasa niambie. Tungekaa kule kambini, angekuwa hai?"

Vidya alijua majibu yote mazuri. Alikuwa ameyasikia kanisani kwa majirani, hekaluni, redioni, kwa Praful. Alimtazama kijana yule usoni.

"Ndiyo," alisema. "Angekuwa hai. Kambini hakukuguswa."

Weldon alifunga macho. Machozi yalimtoka bila sauti, na mabega yake, yaliyokuwa yamekazwa tangu aingie, yakashuka.

"Nilitaka mtu mmoja aseme," alisema. "Kila mtu ananiambia ni mapenzi ya Mungu. Nikisema tungerudi mapema, wananinyamazisha. Kaka zangu wananinyamazisha. Nimekuwa nikidhani nimerukwa na akili."

"Hujarukwa na akili."

"Sikulaumu, mama."

"Nilaumu kidogo," Vidya akasema.

"Kidogo," Weldon akakubali. Wakanywa chai yao.

Weldon hakutaka kubaki Nakuru. Mkandarasi alikuwa amempigia akimtaka arudi kuendesha gari la kampuni, akakataa. Alisema ataenda kulima na kaka zake. Vidya alimsindikiza hadi barabara kuu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja, na akasimama hapo mpaka gari la abiria alilopanda likapotea upande wa Njoro.

Karakana ilifunguliwa tena. Wateja walirudi, wachache kuliko zamani, na baadhi ya wale wa zamani hawakuonekana tena wala hakuna aliyejua waliko. Mtu alipomuuliza kama kazi itadumu, Vidya sasa alisema, "Nimejitahidi," akainamisha macho. Praful aliwaza kuuza duka ahamie Nairobi, akaghairi, akawaza tena. Wamaitha alipona mikono, lakini vidole vya mkono wa kushoto havikukunjuka sawasawa. Mahali pa vyumba vile hakupajenga upya. Alipanda sukuma wiki.

Weldon hupiga simu, si mara nyingi. Hawazungumzi juu ya gari. Mwezi wa Mei alipiga akasema mvua ni nyingi mno, viazi vimeshikwa na ule ugonjwa uitwao baridi, majani yanakuwa na madoa meusi na yanaoza yakiwa bado shambani. Aliuliza kama kuna dawa.

Vidya hakujua lolote kuhusu viazi, akamwambia hivyo. Weldon akasema ni sawa. Lakini hakukata simu, na Vidya naye hakuikata, akasogeza kiti mbali na kelele za uani, akamwambia, "Hebu nieleze. Yanaanzia wapi, chini au juu?"